Kibodi ya Gemu na Usingizi wa Mwenzio

Kama mwenzio ni mgonjwa wa gemu za kompyuta, basi hili linakuhusu. Wangu anafanya kazi Ruangwa, mimi niko Nachingwea. Tunaonana Ijumaa jioni hadi Jumapili, basi. Sasa akataka kibodi ya mekanika, na akataka yenye swichi za bluu!

Kibodi za kawaida zina mpira chini ya vitufe. Ya mekanika, kila kitufe kina swichi na springi yake. Swichi za Cherry MX, za kampuni ya Ujerumani, zinajulikana kwa rangi. Bluu hulia "tak!" kila unapobonyeza. Kahawia hailii hivyo, ila kidole kinahisi kijikwazo kidogo. Nyekundu hushuka laini na nyepesi, ndiyo maana wacheza gemu wengi wanaipenda. Sauti yake ni ya kitufe kugonga chini tu.

Kuta za nyumba yetu hazifiki juu, ukikohoa sebuleni chumbani wanasikia. Nikamwambia, "Mume wangu, wiki nzima nalala peke yangu. Wikiendi nayo nilale na tak-tak?" Akacheka, kisha akanyamaza. Tukachukua nyekundu, yenye vitufe vinavyong'oka, maana vumbi la kiangazi huku si mchezo. Na saa nne usiku, gemu inazimwa.

Kwa hiyo shoga, na wewe kaka, kabla ya kuuliza bei, uliza kwanza nani amelala upande wa pili wa ukuta.