Mama Tigri wa Ranthambore na Wamama wa Inje ya Pori

Kila mara tunapokutana kwa likelemba, mutu mumoja ananiambia: "Mwalimu, ulifika India, basi tusimulie." Nami nasimulia hospitali, chakula chenye pilipili, na magari yanayopiga honi bila sababu. Lakini zile siku mbili tulizopitisha Ranthambore sijazisimulia bado, kwa sababu ziko na swali ndani yake, na lile swali lilianzia hapa kwetu.

Munajua ninafundisha mwaka wa 5, na shule yetu iko pembeni ya parke. Kila mwaka, mu somo la mazingira, ninaandika ku ubao: "Parke ni utajiri wetu." Watoto wanaandika mu kaye, ninasahihisha, tunaendelea. Siku moja mu mukutano wa wazazi, mama mumoja ambaye walikuwa wamemunyanganya kuni zake njiani alisimama, akaniuliza: "Mwalimu, ni utajiri wa nani?" Watu walicheka. Mimi nilitafuta jibu mu masomo yote niliyosoma ku Institut, na sikulipata. Nilisema tutaongea siku ingine.

Basi, mwezi wa 2 wa mwaka 2024 tulienda Delhi kwa ajili ya yaya yangu, kumupasua goti. Wengi wenu munaijua ile njia: kuvuka mupaka, kupanda ndege Kigali, kulala ku viti vya uwanja wa ndege, na kushika bahasha ya picha za hospitali kama vile mutu anashika mutoto. Kisha kumupasua, daktari alisema tungoje siku 10 mbele ya kumuangalia tena. Yaya mwenyewe ndiye alinifukuza: "Enda na ule kijana mahali fulani. Usikae hapa kunihesabia vidonge." Kijana ni mutoto wa kaka yetu, anasoma kule India na anajua Kihindi. Mama mumoja wa Lubumbashi, aliyekuwa mu chumba kimoja naye, aliahidi kumulinda. Tukapanda treni asubuhi sana, na mbele ya saa sita tulikuwa tumeshuka mu muji mudogo unaoitwa Sawai Madhopur, mu jimbo la Rajasthan.

Pori la Ranthambore liko karibu na huo muji. Si pori kama letu. Nilikuwa nikiwaza miti mirefu, matope na giza. Kule, mu mwezi wa 2, majani ni makavu kabisa, rangi ya majani ya maharagi yaliyoanikwa. Kuna mawe, vilima, miti mifupi, na katikati kuna maziwa madogo yenye mamba. Na juu ya mulima, kuna ukuta.

Ule ukuta ni ngome, na ngome ndiyo ilipatia pori jina lake. Iko hapo tangu karibu miaka 1000. Ukuta unauzunguka mulima kwa karibu kilometa 7, na mu 2013 UNESCO iliiandika mu urithi wa dunia pamoja na ngome zingine 5 za Rajasthan. Tulipanda ngazi za mawe tukipita milango mizito yenye misumari mirefu ya chuma, kusudi tembo za vita zisiisukume kwa kichwa. Makako zenye uso mweusi na mukia murefu zilikaa ku ukuta zikituangalia kama maaskari wa mupaka, na moja ilimunyanganya bibi mumoja ndizi zake bila hata haraka.

Kwa maana ile ngome si mahali pa wafu tu. Ndani kuna hekalu la Ganesh, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo, na watu wanapanda kila siku: bibi wenye fimbo, wanawake wenye watoto mugongoni, bibi-arusi wapya wenye hina ku mikono. Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni posta. Familia nyingi za India zinapotayarisha ndoa, barua ya kwanza ya mualiko zinamutumia Ganesh wa Ranthambore, na mutu wa posta anazipandisha mule hekaluni ndani ya pori la tigri. Nilizioa kwa macho yangu, rundo la bahasha nyekundu na za zahabu. Sisi kwetu barua inapotea kati ya avenue mbili.

Mbele kidogo kuna jengo wazi lenye nguzo 32, ambalo mufalme Hammir alijenga kwa kumukumbuka baba yake, aliyetawala miaka 32. Ni juu ya huyu Hammir ndipo kiongozi wetu alipokaza sauti. Mu 1301 sultani wa Delhi, Alauddin Khalji, aliizunguka ngome na majeshi yake kwa miezi mingi. Chakula kiliisha ndani. Walipoona hakuna njia tena, wanawake wa nyumba ya mufalme waliwasha moto mukubwa na kuingia ndani yake, ili wasishikwe na maaskari. Kisha wanaume wakafungua milango, wakaenda kufa vitani. Amir Khusrau, mwandishi aliyekuwa upande wa sultani, aliandika juu ya ule moto.

Kiongozi alisimulia kwa fahari. Mimi sikusikia fahari. Hapa kwetu tumekwisha kusikia maaskari wakikaribia usiku, na munajua ni nini mama anawaza kwanza. Nikauliza: "Na watoto wao, waliwapeleka wapi?" Kijana akatafsiri. Kiongozi akanyamaza, kisha akasema historia haisemi.

Kesho yake tuliingia mu pori lenyewe, mu kamio wazi yenye viti 20, saa ambayo baridi ingali inauma. Nilijifunga kikwembe mbili na bado nilitetemeka. (Mugeni analipa mara nyingi kuliko Muhindi. Kijana alitaka kubishana ku dirisha la tiketi, nikamuvuta shati.) Zamani wafalme wa Jaipur waliwinda hapa. Hata Philip, mume wa malkia wa Uingereza, aliua tigri hapa mu 1961. Walipohesabu tigri za India yote mu 1972, walipata 1.827 tu. Mwaka uliofuata Indira Gandhi, mwanamuke aliyekuwa waziri mukuu, alianzisha mupango wa kuzilinda, na Ranthambore ikawa kati ya mapori 9 ya kwanza. Kazi haikwenda moja kwa moja. Mu pori lingine la Rajasthan, Sariska, wawindaji wa siri walimaliza tigri zote mpaka mu 2005 ikaonekana hakuna hata moja, na mu 2008 ilibidi kuchukua tigri ya Ranthambore na kuipeleka kule kwa helikopta. Hesabu ya 2022 ilitoa karibu 3.682 mu India nzima.

Sisi tuliona moja. Swala mumoja alipiga kelele, ndege wakanyamaza, dereva akazima moteri. Akatoka nyuma ya kibanda cha mawe kilichobomoka kandokando ya ziwa, akatembea kama mwenye lupango anayeangalia kama wageni wameharibu kitu, akanywa maji, akaingia tena mu majani. Dakika 5, labda. Mwanaume wa nyuma yangu alilia machozi kabisa.

Kiongozi alisema yule ni wa ukoo wa Machli. Hapo nilisahau baridi. Machli maana yake ni samaki, kwa sababu ya alama iliyokuwa ku uso wake. Alizaliwa karibu mwaka 1997 na alitawala yale maziwa na yale mabomoko yote. Mu 2003 alipigana na mamba mukubwa, akaiua, akavunjika meno. Alizaa mara nyingi, akalea watoto wake na kuwafundisha kuwinda. Binti zake walipokuwa wakubwa ndio walimufukuza ku ziwa, kwa sababu kati ya tigri binti anapokomaa anataka inchi ya mama yake. Alizeeka bila meno, jicho moja likapofuka, na watu wa pori wakaanza kumuletea nyama. Alikufa mwezi wa 8 wa 2016, akiwa na karibu miaka 19, na tigri wa pori mara nyingi hafiki hata 15. Walimubeba na maua, wakamuchoma kwa heshima kama vile Wahindu wanavyofanyia mutu. Nilipomusimulia yaya hospitalini, alisema: "Huyo ni mama kabisa. Amelea, amefukuzwa, na maua yamekuja kisha kufa."

Lakini nilikuwa na swali langu. Mu saa za mangaribi nikamuomba kijana anipeleke kwa wanawake wa vijiji vya inje. Kwa maana pori lile halikuwa tupu. Kati ya 1976 na 1979 zaidi ya vijiji 10 vilitolewa ndani yake. Mwenye kusimamia kazi ile alikuwa Fateh Singh Rathore, mutu aliyependa tigri kuliko kitu chochote. Mu 1981 watu wa vijiji walimungojea njiani, wakamupiga mpaka karibu afe. Alipona, akarudi ku kazi ileile. Kisha, mu mwisho wa miaka ya 1980, shirika la kazi za mikono linaloitwa Dastkar lilianza kufanya kazi na wanawake wa kule: kushona vitambaa vya vipande-vipande, mifuko, vifuniko vya kitanda.

Tulimukuta mama mumoja akishona mbele ya nyumba, miguu imenyooshwa. Aliniita "didi," ndiyo kusema yaya, hata kama mimi ni mudogo kwake. Tukanywa chai ya maziwa. Mama-mukwe wake alizaliwa ndani ya pori, na mpaka leo anazungumuza juu ya kisima chao, kwamba maji yake yalikuwa matamu kuliko ya bomba hili. Nilimuuliza kama anachukia tigri. Alicheka kwa kufunika mudomo: "Tigri hakututoa. Watu walitutoa. Tigri hata hajui tulikuwa pale." Kiisha akanionyesha kitambaa alichoshona, na juu yake kuna nani? Tigri, mwenye mistari na macho makubwa kama ya ng'ombe. Wageni wanakipenda, akasema. Pesa za kwanza alizopata mume wake alizichukua. Za pili alizificha mu mufuko wa unga. Kwa zile, binti yake alisoma.

Nikauliza kama wanapata kitu ku tiketi za wageni. Alimuangalia kijana, kijana akaniangalia mimi. Ndugu wa mume wake anaendesha gari la watalii, alisema, na wengine mu kijiji wanapika ku hoteli. Wengine hawana kitu. Mbuzi zikikamatwa na tigri wanaandika karatasi, wanangoja. Hakulalamika, alihesabu tu, kama vile sisi tunavyohesabu pesa za likelemba.

Nilinunua kile kitambaa. Sikupunguza bei sana, ingawa munanijua.

Mwaka uliofuata, mwezi wa 4 wa 2025, kijana alinitumia habari ku simu. Mutoto wa miaka 7, alipokuwa akishuka kutoka hekalu la Ganesh pamoja na bibi yake, alikamatwa na tigri ku ile njia ileile ambayo sisi tulipanda. Alikufa. Nilikaa chini ku kitanda. Niliwaza yule bibi, mukono wake. Niliwaza pia kwamba mu ile siku yetu nilikuwa nikicheka juu ya makako na ndizi.

Wiki ile ile nilifika kwa yule mama wa kuni. Nilimusimulia yote, kuanzia ngome mpaka mutoto, na nilimuonyesha kitambaa. Nilimuambia kwamba kule pia wamama wanauliza utajiri ni wa nani, na kwamba mimi sitaandika tena lile neno ku ubao bila kuongeza swali lake chini yake, watoto wajaribu kulijibu. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikishika kitambaa, akageuza kuangalia mushono kwa nyuma, sawa vile mushonaji yeyote anafanya.

Kisha akauliza: "Na wao wanapikia nini?"

Nilimuambia nilichoona. Ku ukuta wa nyumba, mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majani makavu, yamepigwa kama mikate na kubandikwa jua liyakaushe. Ndani, chupa moja ya gazi, kwa sababu tangu 2016 serikali ya India inawapatia wanawake masikini chupa ya kwanza. Lakini kuijaza tena ni pesa, kwa hiyo ile niliyoona ilikuwa inangojea wageni. Chai yetu ilipikwa ku gazi.

"Ng'ombe ngapi?" akauliza.

Sikuhesabu, labda mbili, na nyati moja ya maziwa. Yeye iko na moja tu. Akaanza kuhesabu ku vidole, mikate mingapi kwa siku, mingapi kwa sufuria ya maharagi, na mu wakati wa mvua itakaukia wapi.