Amri Isiyo na Namba

Sumbawanga, Jumatatu, Julai 12, 2021

Upepo wa Mbizi umevuma usiku kucha. Asubuhi mpwa wangu kaingia akitetemeka, sijui kwa baridi au kwa hasira. Kaleta magunia 8 ya mahindi kutoka kijijini, getini wakamtoza ushuru. "Mjomba, naenda Mahakama Kuu. Katiba imevunjwa!"

Haijafika huko. Tangu bajeti ya 2017, mazao yasiyozidi tani moja hayatozwi ushuru yakivuka halmashauri. Sheria iko upande wake, aliyeikiuka ni mtu wa geti. Na Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi ya 1994 inaitaka Mahakama Kuu isijiingize pale penye njia nyingine ya kutosha. Aanze kwa mkurugenzi wa halmashauri, na stakabadhi mkononi. (Hakupewa. Ningeshangaa angepewa.)

Jumatano, Julai 14

Namfikiria Mchungaji Mtikila. Mwaka 1994, Dodoma, katika kesi yake, Jaji Lugakingira alibatilisha masharti ya kuomba kibali cha mkutano wa hadhara. Yalikuwa na namba za vifungu, yakashikika. Mwaka 2016 mikutano ya vyama ikazuiwa kwa tamko tu, lisilo na namba, na mpaka leo.

Sisi tamko letu lilikuja Juni 2017: Waziri Mkuu, siku ya Idi, mahindi yasivuke mpaka, anayetaka auze unga. Huku Ufipa mahindi ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba. Ibara ya 30(3) ya Katiba haidai namba ya kifungu. Anayeona haki yake inavunjwa, na mtu yeyote, afungue shauri. Lakini shauri lenyewe husikilizwa na majaji watatu, na dumuzi wa mahindi hasubiri kalenda ya mahakama.

Jumapili, Julai 18

Baada ya misa mpwa wangu karudi na wazo: wanaharakati wa Dar wamfungulie kesi. Nikamweleza marekebisho ya mwaka jana ya ile sheria ya 1994: mlalamikaji aonyeshe kwa hati ya kiapo alivyoathirika yeye mwenyewe. Wanaojua kuandika hati hizo hawajawahi kusimamishwa getini na mahindi. Mwanaharakati Onesmo Olengurumwa ameyapeleka marekebisho hayo yenyewe mahakamani. Namwombea, ingawa miaka yangu ya masijala ya mahakama imenikataza kutabiri hukumu.

Kauliza wakili anachukua kiasi gani. Nikamtajia.

"Basi niandikie hiyo barua ya mkurugenzi, Mjomba."

Nimeandika kurasa mbili. Kesho anaipeleka, na magunia mengine 9.