Jicho la Gari na Mkono wa Fundi

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walinena wahenga, na mwenye gari wa leo anaonekana kuuzingatia wasia huo. Jiwe likirushwa na gurudumu la lori na kukitia ufa kioo cha mbele, hakawii kumwendea fundi. Kioo kipya hubandikwa, malipo yakafanywa, gari likarejea barabarani liking'aa. Ufa umezibwa. Lisilobainika ni kwamba huenda gari hilo limerejea likiwa na makengeza.

Makengeza hayo si tamathali tupu. Mwaka 2008, Subaru ilianza kuuza nchini Japani mfumo wa EyeSight, ambao kamera zake mbili, zilizo nyuma ya kioo cha mbele, hukadiria umbali mithili ya macho ya binadamu. Toyota nayo ikaleta Toyota Safety Sense mwaka 2015. Mifumo ya aina hii humwonya dereva anapotoka kwenye mstari wake na huweza kufunga breki yenyewe akichelewa kuiona hatari. Kwa kuwa Kenya hupokea magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka 8, magari yenye macho kama hayo hushushwa katika bandari ya Mombasa na hatimaye kuangukia mikononi mwa mafundi wa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na wa gereji nyinginezo.

Hapo ndipo kwenye kiini cha mambo. Kamera ikipinda kando kwa digrii 1 tu, mita 100 mbele itakuwa imekosea kwa takriban mita 1.75, yaani karibu nusu ya upana wa njia moja ya barabara kuu. Gari laweza kufunga breki kwa sababu ya gari lililo njia ya pili au, ole wake mpita njia, likampuuza mtoto anayevuka. Aidha, bampa lililokarabatiwa na kupakwa rangi nzito laweza kuzuia mawimbi ya rada. Vyuma vya kinga vinavyofungwa mbele yake huweza kuiziba. Gari lililoinuliwa ili lisikwaruzwe na matuta nalo hubadilisha pembe ya kamera. Wala si lazima taa ya onyo iwake, kwani jicho lenye makengeza huenda lisijue kuwa linayo.

Je, fundi alaumiwe? La hasha! Mkono uliozoea kulehemu na kunyoosha mabati haukosi ustadi. Ila kazi hii ni ya kipimo. Kioo kikishabadilishwa, kamera hulinganishwa upya kwa kompyuta ya uchunguzi. Baadhi ya magari husimamishwa kwenye sakafu tambarare mbele ya ubao wenye alama, kwa umbali uliopimwa barabara. Mengine huendeshwa kwenye barabara yenye mistari inayoonekana wazi. Japani yenyewe haikuliacha jambo hili mikononi mwa bahati: tangu Aprili 2020, sheria yake huitaka gereji inayofanya kazi ya aina hiyo iwe na idhini maalumu.

Fauka ya hayo, pana kikwazo cha lugha. Magari mengi kutoka huko huonya kwa Kijapani. Onyo lililokusudiwa kuokoa maisha hugeuka mapambo ya dashibodi, dereva akabahatisha, fundi naye akabahatisha. Wataalamu wa Kiswahili wana deni hapa. Istilahi zinazobuniwa zikibaki kabatini mwa vyuo zisifike gereji, zitamfaa nani? Mwongozo wa kurasa chache, wenye maneno ambayo fundi huyatumia kila siku, ungetenda mengi.

Kabla mwongozo huo haujapatikana, mwenye gari ana swali moja la kuuliza kabla ya kulipa: "Fundi, kamera imepimwa upya?" Asipopata jibu la yakini, na aendeshe kana kwamba gari halina jicho lolote ila lake mwenyewe.