Samaki Mwenye Majina Mawili

Mwalimu mmoja mstaafu wa Mwanza, mpenzi wa mashairi, alianza kujifunza Kihispania peke yake, kwa kitabu chakavu na kamusi. Hakuwa na nia ya kusafiri. Alitamani kufasiri mashairi ya lugha ile bila kupitia Kiingereza.

Mwanzo ulikuwa mwepesi. Mesa alilitambua mara moja, kwani ni ndugu wa meza, neno ambalo Wareno walituachia pwani. Alikwama kwenye neno alilodhani analijua: samaki. Kamusi ilimpa mawili, pez na pescado, naye akayahesabu kuwa visawe. Siku moja akaandika, kwa zoezi, kuwa watoto wanatazama samaki wanaoogelea kando ya Jiwe la Bismarck. Akatumia pescado.

Wiki kadhaa baadaye kitabu kikamfumbua macho. Pez ni samaki aliye hai majini. Pescado limetokana na pescar, yaani kuvua. Maana yake ni aliyevuliwa, aliyekwisha kuwa chakula. Kumbe alikuwa ameogelesha mizoga! Mhispania humwambia mtu aliyestarehe kuwa yu kama pez majini; pescado hununuliwa sokoni. Mreno, jirani yake, hutosheka na peixe kwa wote wawili, kama sisi na samaki wetu.

Akaanza kupima methali. Samaki mkunje angali mbichi: huyu ni pescado, maana hakuna amkunjaye samaki angali ziwani. Samaki mmoja akioza, wote wameoza: pescado tena. Akastaajabu kuona jinsi wahenga walivyomtazama samaki kutoka jikoni.

Akaenda na furaha hiyo kwa dada yake, muuza mapanki. Dada alikuwa akigeuza juani vichwa na mifupa ya sangara iliyotoka kiwandani. Sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za furu zikatoweka. Tangu miaka ya 1990 minofu yake imesafirishwa hadi Ulaya, Hispania ikiwamo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu iliyotumika kuvulia, mialo ilinyamaza.

Dada alimsikiliza hadi mwisho.

“Kwa hiyo, kaka, akiwa majini ana jina, na mnofu ukifika kwao una jina. Na haya yangu wanayaitaje?”

Mwalimu hakuwa na jibu. Usiku akapekua kamusi, akalipata raspa: uti wa samaki uliobaki baada ya nyama kuondolewa. Akafurahi, kisha furaha ikamtoka. Raspa ni kile mlaji anachokisukuma pembeni mwa sahani. Mapanki hukaangwa, huungwa, huliwa kwa ugali, ni kitoweo. Kwa mapanki dada yake, aliyeachwa mjane mapema, alisomesha watoto watatu, na miezi ambayo pensheni ilichelewa, mwalimu mwenyewe alikula kutoka chungu hicho. Lililo taka kwenye meza moja lilikuwa riziki kwenye meza nyingine.

Akachukua daftari, akapiga mistari. Mbele ya pez akaandika: samaki, angali majini. Mbele ya pescado: samaki, aliyevuliwa. Mstari wa tatu akaanza na mapanki, na upande wa Kihispania akauacha wazi.