Pembe ya Propela

Siku tuliyomuaga fundi wetu kwenye tanuri la Wahindu la kuchomea maiti pale Kariokor, Nairobi, mimi na mwenzangu mmoja aliyefundwa naye tulianza kubishana kabla hata watu hawajatawanyika. Ubishi wenyewe ni wa miaka mingi: ukiinua Suzuki ndogo, pua ya difu ya nyuma uielekeze wapi? Jamaa za marehemu walitutazama kwa jicho baya. Najua mzee angetuita wajinga sote wawili, kisha angeshika upande wangu.

Ya utotoni si mengi. Nilizaliwa Mweiga, chini ya milima ya Aberdare, baba akiendesha trekta la shamba la watu. Nikafanya mtihani wa darasa la saba, karo ya sekondari ikakosekana, na mjomba akanileta Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee hadi leo wanaiita Grogan. Hapo nikapokelewa na Kalasinga mmoja mwenye gereji ya springi, ndiye huyo tuliyemuaga. Nilifagia, nikaosha vyuma kwa mafuta taa, nikachemsha chai. Spana zilikuja baadaye sana.

Mzee alikuwa mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha gereji kisichojali ngeli. Ukutani palikuwa na picha mbili, ya Guru Nanak na ya Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965 kwa Volvo, halafu 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Ukimwuliza Joginder alishindaje, hakutaja mwendo. "Gari yake nafika," alisema, akarudi kwenye kazi.

Suzuki SJ410 ilitoka Japani mwaka 1981. Injini yake ni ya cc 970, kutoka ekseli hadi ekseli ni milimita 2,030, na upana wake haufiki mita moja na nusu. Wakulima wa Laikipia waliipenda, na kampuni za kukodishia watalii magari nazo zikaijaza barabarani. Ni nyepesi, haili mafuta, na ikinasa kwenye udongo mweusi wakati wa masika, vijana wachache wenye nguvu wanaitoa. Kasoro yake ni tumbo. Liko chini mno kwa mawe ya Samburu na kwa mifereji ya malori iliyokauka ikawa kama saruji. Halafu mwaka 1989 ikaanzishwa Rhino Charge, mashindano ya kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare, uzio wa kilomita 400 hivi uliokuja kukamilika 2009. Timu inapewa saa 10 kupita vituo 13 porini, na mshindi ni yule aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi, maana yake unakata moja kwa moja juu ya majabali. Tangu hapo kila mwenye Suzuki alitaka iinuliwe.

Njia rahisi zipo, nami nimezibomoa nyingi zilizofanywa na wengine. Kuna wanaorefusha vikono vinavyoning'iniza springi. Kwa mbele hilo linaiinamisha ekseli, kasta, yaani mlalo wake kuelekea nyuma, inapungua, na usukani hauna tena hamu ya kurudi katikati. Kwenye magari yenye springi juu ya ekseli, kuna wanaopachika vipande vya chuma kati ya springi na ekseli ya mbele. Ukikanyaga breki kwa nguvu, ekseli inataka kujizungusha, na kipande kile kinaipa mkono mrefu wa kufanyia hivyo. Mzee alikuwa akivitoa na kuvitupa kwenye pipa la vyuma chakavu mbele ya mwenye gari, bila kuomba ruhusa.

Njia yake ilikuwa kuihamisha springi. Kiwandani springi za SJ zilipitishwa chini ya ekseli. Ukizipandisha zikae juu yake, gari linapanda sentimita 13 hivi kwa springi zile zile. Wengi wanadhani kazi ni hiyo: kata vikalio vya zamani, chomelea vipya upande wa juu, funga yubolti, nenda nyumbani. Kwa mzee huo ulikuwa mwanzo tu. Vikalio vipya aliviacha bila kuchomelea, akavibana kwa yubolti nusu nusu, akalishusha gari likae kwa uzito wake lenyewe, na mafuta ndani ya tangi. Ndipo akatoa kipimapembe cha plastiki, kile cha watoto wa shule, chenye uzi na nati iliyoning'inia. Alikiweka kwenye uso wa transfa, akasoma. Akakiweka kwenye uso wa difu, akasoma. Akagonga ekseli kwa nyundo ya mbao, akasoma tena. Tuliosimama pembeni tulichoka kabla yake.

Na hapa ndipo penye ugomvi. Krosi, kile kiungo cha msalaba kwenye kila ncha ya propela, ikipinda haizunguki sawasawa. Katika kila mzunguko inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Krosi ya upande wa pili inaufuta ule mtikisiko, lakini ikiwa tu imepinda kwa pembe ile ile. Kwa hiyo uso wa transfa na uso wa difu lazima ziwe sambamba. Mwenzangu haamini. Yeye huizungusha difu ya nyuma hadi pua yake itazame transfa moja kwa moja, kwa hoja kwamba propela ya SJ ni fupi, ukiinua gari krosi zote mbili zinapinda vibaya, basi heri kuiokoa moja. Hoja hiyo si ya kipumbavu, nakiri. Penye propela yenye krosi pacha upande wa juu, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini yeye hafungi krosi pacha. Anafunga ile ile ya kawaida, ya chini inanyooka, ya juu inabeba pembe yote, na hakuna wa kuifutia mtikisiko wake. Gari likipita kilomita 60 kwa saa linaanza kuimba. Wateja wake wengi walikuja kwenye gereji yangu ya Nanyuki kununua krosi, na sikuwaambia neno, niliwauzia.

Mzee aliongeza jambo moja ambalo sijaliona kwa fundi mwingine wa Grogan. Hakuziacha pembe zilingane kabisa. Pua ya difu aliishusha digrii moja au mbili, kwa sababu ukikanyaga mafuta, springi inajikunja mithili ya herufi S na pua inapanda. Gari likiwa mlimani ndipo pembe zinapolingana, na mlimani ndiko krosi inakovunjika.

Mbele hakuna cha kubishania. Ukiizungusha ekseli ya mbele ili kuipendeza propela, umeharibu kasta. Iache. Propela ya mbele inavuta porini tu, kwa mwendo wa kobe, itavumilia.

Usukani ulimnyima usingizi kuliko difu. Gari likipanda, fimbo inayotoka kwenye boksi la usukani inalala kwa mteremko mkali, na kila shimo linageuza magurudumu bila idhini ya dereva. Mafundi wengi huipasha fimbo moto na kuipinda. Mzee hakukubali fimbo ya usukani iguswe na moto. Mikono ya magurudumu aliipeleka kwa watu wa mashine ya kuchonga, wakaipanua matundu kwa mteremko unaofaa, ili tairodi iingizwe kutoka juu badala ya chini, na fimbo ikanyanyuka. Kazi ghali. Mteja aliyelalamika alionyeshwa mlango.

Vijana mnaoinua magari kwa ajili ya kuegesha mbele ya hoteli, nisikieni. Mwaka 1988 jarida la Consumer Reports la Marekani lilisema Suzuki Samurai, ndugu yake SJ, haifai kwa sababu inapinduka upesi. Suzuki wakashtaki mwaka 1996, wakapatana 2004. Semeni mtakavyo juu ya kesi hiyo, lakini gari lile lilikuwa la urefu wa kiwandani! Nyinyi mnaliongezea sentimita 13 na tairi kubwa juu yake, mnaacha paipu za breki za zamani zikiwa zimenyooka kamba, halafu mnashuka nalo Nyeri usiku. Mzee hakuinua gari la mtu wa mjini. Alimwuliza mteja anakaa wapi na njia ya kwake ikoje, na jibu lisipomridhisha alisema springi zimeisha.

SJ zenyewe zinaisha. Sheria hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika zaidi ya miaka 8, kwa hiyo zilizopo ndizo hizo hizo zinazoliana spea. Mrithi wake, Jimny, ana springi za koili, na ile mpya ya 2018 vijana wanaigombania. Hivi karibuni kijana mmoja alinijia na yake, akiwa na pete za kunyanyulia ndani ya boksi. "Mzee, hii ni ya kufunga tu na bolti." Nikamwuliza kama amepima kasta. Ekseli ya Jimny inashikwa na mikono miwili mirefu, ukiinua gari mikono inaizungusha, kasta inapotea vile vile, na fimbo ya kukingama inaivuta ekseli upande mmoja. Zipo bushi zenye tundu lisilo katikati za kurekebisha kasta. Ndani ya boksi lake hazikuwamo.

Nikatoa kipimapembe, nikamlaza chini ya gari asome mwenyewe. Alisoma vizuri. Tulipomaliza ndipo akasema ametumwa na yule mwenzangu, apate bei yangu. Nikamtajia mara mbili ya kawaida.