Siku Mbili kwa Baiskeli: Kutoka Malindi hadi Hori ya Mida

Mtu akisema kuwa anakwenda pwani ya Kenya, wengi hudhani anakwenda kulala mchangani na kutazama mawimbi. Pwani hiyo ipo, nayo ni nzuri. Lakini iko pwani nyingine, ya magofu, msitu na mikoko, ambayo haionekani vyema kutoka dirisha la basi. Mwenye mapumziko ya siku mbili aweza kuizunguka kwa baiskeli, nasi watu watatu tulifanya hivyo Jumamosi na Jumapili.

Baiskeli tulizikodi kwa fundi mjini Malindi. Zilikuwa za kupandia milima, zenye gia nyingi na matairi mapana yenye meno. Tulichukua pampu, viraka na maji ya kutosha, kisha tukala mahamri kwa mbaazi za nazi na kuondoka kabla jua halijawa kali. Kutoka Malindi hadi Gede ni kama kilomita 16 za lami tambarare. Magari hupita kwa kasi, kwa hiyo yafaa kufuatana mmoja nyuma ya mwenzake na kushika ukingo wa barabara.

Gede ulikuwa mji wa Waswahili uliojengwa kwa mawe ya matumbawe. Yapo magofu ya msikiti mkuu, jumba la mtawala na nyumba nyingi, na lipo kaburi moja lililoandikwa mwaka ambao ni sawa na 1399. Mwaka 2024 mji huo ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini jambo lililotusimamisha kwa muda mrefu ni visima vyake. Mji ulihamwa katika karne ya 17, na wataalamu hutaja sababu kadhaa: vita, kuharibika kwa biashara, na kushuka kwa maji visimani. Kuta nene na milango ya kuchonga havimfai kitu mama wa nyumba ambaye ndoo yake inapanda tupu.

Papo hapo Gede kuna kazi inayoitwa Kipepeo, iliyoanzishwa mwaka 1993. Wakati huo wakulima wengi wa jirani walitaka msitu wa Arabuko-Sokoke ukatwe wapate mashamba, wala si ajabu, kwani ndovu walikuwa wakitoka humo na kula mahindi yao. Kazi ya Kipepeo ni hii: mkulima hufuga vipepeo wa msituni nyumbani kwake, hulisha viwavi wao majani ya miti ya huko huko, na viwavi wakijifunga katika vifuko huviuza. Vifuko hivyo hupelekwa ng'ambo, kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Msitu ukikatwa, majani hayapo; majani yakikosekana, fedha hazipo. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Baada ya adhuhuri tuliingia msituni. Ni msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420, nao ndio mkubwa kuliko misitu yote ya namna yake iliyobaki katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa kuwa ndovu wangalimo, mgeni hana budi kupita kwanza katika kituo cha walinzi na kuchukua kiongozi. Wetu alipanda baiskeli nzee isiyo na gia, na bado alitutangulia. Penye mirihi, udongo ni mchanga mweupe unaomeza gurudumu. Hapo tulipunguza upepo wa matairi, na mara mbili tulishuka tukasukuma. Upande wa magharibi udongo ni mwekundu na mgumu, na baiskeli hukimbia, ila mvua ikinyesha huwa utelezi mtupu. Kiongozi alituonyesha sengi, mnyama mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu, ambaye ni nadra kumwona nje ya msitu huu. Alitokeza, akatutazama, akatoweka.

Usiku tulilala Watamu, na asubuhi ya Jumapili tukafuata vijia vya mchanga hadi Hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Sisi tuliolelewa kando ya Ziwa Victoria tumezoea maji yanayokaa mahali pake. Mida sivyo. Saa za kupwa huwa matope mapana yenye kaa na ndege waliosafiri kutoka Ulaya na Asia. Baada ya saa chache mikoko inasimama ndani ya maji. Kwa hiyo kabla ya kuteremka ufukoni, muulize mvuvi saa ya kujaa, hasa siku za bamvu.

Kati ya mikoko wenyeji wana daraja la mbao la kutembelea kwa miguu. Ada ya wageni husaidia kulipa karo za wanafunzi wa sekondari wanaotoka katika nyumba zilizo jirani na msitu na hori. Nilipolipa ada hiyo nilikumbuka visima vya Gede. Mtu aliyekata mkoko auze boriti amepata fedha za siku moja. Mkoko uliosimama huwapa samaki wachanga mahali pa kukulia, huzuia mawimbi yasile ardhi, na sasa hulipa karo. Mzazi asiye na mshahara wa mwisho wa mwezi ana sababu nzuri ya kuulinda.

Tulirudi Malindi jioni, miguu imechoka na mikono imeungua jua. Askari aliyezoea mwendo mrefu hataiona safari hii kuwa ngumu, na watoto waliokwisha kujua baiskeli waweza kufika Gede na Mida bila kuingia msituni. Aendaye achague miezi ya kiangazi, Januari au Februari, abebe maji kuliko anavyodhani yanatosha, na akanyage polepole. Mwenda pole hajikwai, tena huona mengi.