Bibi kaniumbua

Juzi nilikuwa nyumbani Zuzu. Bibi akanitupia swali: "Baba, wewe unayeandika magazetini, mbona mshindi tunamjua kabla hatujapiga kura?"

Nikajifanya mtaalamu, nikamhesabia wabunge wa Dodoma Mjini: 2005 Ephraim Madeje, 2010 David Malole, 2015 na 2020 Anthony Mavunde. Wote CCM. Sura zinabadilika, shati ni lile lile la kijani. Mchuano wenyewe uko kwenye kura za maoni za chama, na bibi hana kadi ya chama. Siku ya uchaguzi yeye anakwenda kugonga muhuri tu.

Watu nao wakaongezeka: 410,956 sensa ya 2012, 765,179 ile ya 2022. Mei 2025 Tume ikaligawa jimbo, likazaliwa la Mtumba, na Mavunde akaenda kugombea huko. Lakini Oktoba 2025 CHADEMA haikuwamo kabisa kwenye karatasi za kura. Majimbo mawili, ushindani ule ule.

"Sasa wewe ulimpigia nani?" bibi akauliza.

Kimya. 2020 na 2025 nilikuwa kazini, nikiandika habari za foleni za wenzangu. Sijawahi kupiga kura! Bibi hajakosa hata uchaguzi mmoja.

"Nikikaa ndani," akasema, "watasema nimekubali."

Daftari likifunguliwa tena nitajiandikisha. Matokeo siyategemei sana, ila nimechoka kuwa mtaalamu wa kura nisizopiga. Na wewe mdau, ulipiga?